Mara Saba Mashine Imekataa

4 Februari

Mwanangu mpenzi,

Pokea salamu za baba yako, pamoja na za Fundi anayeshika kalamu. Mimi mzima. Magoti yanalalamika lakini hayajagoma. Wewe je? Kile kifua kimepona? Usikubali mashuka ya watu yakumalize, mama. Kiwanda cha kufulia hakijui kumshukuru mtu mgongo wake.

Mzigo umefika Jumanne, salama salimini, boksi halijabonyea hata kona. Nimeipapasa kompyuta juu mpaka chini kama mtu anayenunua mbuzi. (Ni kweli. Na aliinusa. – Fundi.) Asante, mwanangu. Sijui nikushukuruje. Najua ni mashuka mangapi yamepigwa pasi mpaka kitu hiki kikafika mezani kwangu.

Unanijua nilivyo. Miaka thelathini na minne nimepiga taipu ofisini bila kuangalia vidole. Macho yalipozimika, vidole wala havikupata habari. Lakini mtu asiyejua amefika wapi kwenye mstari haandiki, anapapasa tu, na taipu yangu ya nyumbani ilishakufa kwa kukosa utepe. Ndiyo maana kila neno langu linapita kwa Fundi kabla halijakufikia, na kila lako linapita kwa Fundi kabla halijanifikia mimi. Fundi ni jirani aliyewapita ndugu. Anaacha viatu vya wateja, anakuja kunisomea. Ila ana masikio. (Nipo hapa hapa, mzee. – Fundi.)

Kwa hiyo niliposikia kuna programu ya kumsomea asiyeona kila kilichoandikwa kwenye kioo, na kumtajia kila herufi anayopiga, nilijiambia: nitaandika tena mwenyewe.

Sasa sikia kilichotokea. Tumeiwasha, tumeweka programu, ikaomba ile namba ya ufunguo iliyo kwenye kadi, herufi na tarakimu ishirini na tano. Fundi akasoma, mimi nikapiga. Kioo chenyewe hakionyeshi ulichopiga, kinaweka vidoti vyeusi tu, kama kinaficha siri ya serikali. Tulipomaliza Fundi akanisomea jibu: "Namba uliyoingiza si sahihi." Tumerudia mara tatu. Mara tatu imekataa, na mpaka ikubali hiyo namba, programu haitatoa hata sauti ya kukohoa.

Labda umeuziwa namba mbovu. Uliza hukohuko. Usihangaike sana, tumeshazoea kusubiri.

Baba yako

(Nyongeza yangu: mimi niliomba nijaribu kupiga hiyo namba. Nikaambiwa vidole vyenye gundi ya viatu visisogee karibu na mashine. Salamu. – Fundi.)


19 Februari

Baba yangu,

Shikamoo. Na wewe Fundi, shikamoo, maana najua sauti inayosoma hapa ni yako. Kifua kimepona kabisa. Wiki hii nina zamu ya asubuhi, kwa hiyo nalala kama binadamu wengine.

Nilivyofurahi mzigo kufika! Kazini wote wanajua. Msimamizi wetu ananiuliza kila siku kama baba ameanza kuandika. Nilimwambia bado mnazungumza na mashine na mashine ina kiburi.

Nimewapigia wenye programu. Nimesubiri kwenye simu hadi sikio likawa la moto. Dada aliyepokea alikuwa mpole, akaitazama namba kwenye orodha yao. Anasema namba ni nzima, imelipiwa, na haijatumiwa na mtu yeyote duniani. Tatizo, anasema, liko kwenye kuiingiza. Halafu akanipa onyo: mkikosea mara kumi namba inafungwa moja kwa moja, na hawatoi nyingine. Mmeshatumia tatu. Nawaomba, taratibu.

Baba, wacha niseme kwa nini naiwania programu hii kuliko kitu kingine chochote. Nina swali moja la kukuuliza. Lina miaka minne sasa, tangu siku niliyoondoka nyumbani. Kwenye simu nimejaribu, na wewe umejaribu; tukikaribia hapo unaniuliza kama nimekula. Na kwenye barua haliwezi kupita mdomoni mwa mtu mwingine, hata huyo mtu awe Fundi ninayemheshimu. Ni la kwako na langu. Siku utakayoweza kusoma peke yako, nitaliandika.

Fundi, usinune. Asante kwa kuwa macho ya baba yangu. Hilo nalisema mbele ya watu.

Mwanao


3 Machi

Mwanangu,

Salamu kwako na kwa huyo msimamizi anayenijali bila kunijua. Mwambie Mungu ampe wafanyakazi wasiochelewa. Sisi tupo. Mvua imetutembelea, bati la upande wa jiko linavuja, Fundi ameliziba kwa soli ya raba. (Haivuji tena. – Fundi.)

Barua yako imesomwa mara mbili. Pale penye swali Fundi alisoma kwa sauti ndogo, kisha akajifanya anatafuta miwani yake. Nami nina langu, mama, la siku hiyohiyo. Mimi ulimi wangu ni mzito. Maneno yangu yalizoea kukaa vidoleni. Kwa hiyo tuingoje mashine.

Sasa habari za mashine. Tulimwita yule fundi kompyuta wa mtaa wa pili. Alikuja na begi, akaangalia kadi, akacheka. Akasema yeye hashughuliki na funguo, yeye hufungua bila ufunguo. Atatuwekea programu iliyovunjwa kufuli, bure, kwa dakika kumi. Nikamuuliza, "Bwana, ukinunuliwa shati na mwanao utalivua ukavae la wizi?" Akasema shati ni shati. Nikamwonyesha mlango, au nilikodhani ni mlango. (Alimwonyesha kabati. Lakini alielewa. – Fundi.)

Basi tukajaribu sisi wenyewe. Fundi anasoma herufi moja, ananyamaza, napiga, nasema "tayari," anasoma nyingine. Tumefanya hivyo mara nne, siku nne tofauti, moja kila asubuhi baada ya chai ili akili iwe safi. Mara nne imekataa. Jumla ni saba, zimebaki tatu. Tumeacha. Nimeifunika kompyuta kwa kitambaa cha mama yako chenye maua, vumbi lisiingie.

Kosa si la vidole, hilo nakuhakikishia. Barua za wakurugenzi watano zimepita chini ya mikono hii, na hakuna iliyorudishwa kwa kosa la chapa.

Usione nalalamika. Kila asubuhi nainua kitambaa, naweka mkono juu yake, nasema asante. Halafu nafunika.

Baba yako


17 Machi

Baba,

Shikamoo. Mimi mzima, nimechoka tu. Wawili wameacha kazi, mashuka yao tumegawana sisi tuliobaki.

Nimewapigia tena wenye programu. Wamenisomea namba herufi kwa herufi, nami nina nakala yangu ya kadi, hakuna hata moja inayotofautiana. Wewe unasema vidole havikosei, na mimi nakuamini, nimekulia chini ya meza yako nikisikia vinavyokwenda. Basi kimebaki kitu kimoja. Anayesoma ndiye anayekosea. Baba, Fundi macho yake si ya ujana, na ile kadi maandishi yake ni madogo. Inawezekana anaona hivi anasema vile na haoni aibu kukuacha unapoteza nafasi. Mtafute mtu mwingine mwenye macho mazuri asome. Zimebaki tatu tu. Sitaki swali langu lizeeke kwa sababu ya miwani ya mtu.

Mwanao


22 Aprili

(Juu ya bahasha: Kwa Fundi wa Viatu, mkononi mwake.)

Fundi,

Shikamoo. Hali yako, na hali ya mama wa nyumbani kwako?

Zaidi ya mwezi sasa sijapata barua. Nilimpigia baba simu, akaniambia "tupo," akaniuliza kama nimekula, akakata. Nilikupigia wewe, hukupokea. Hapo ndipo akili iliponirudia. Mimi niliandika maneno yale kana kwamba baba anasoma mwenyewe. Nilisahau kwamba ni wewe. Nilikutukana kwa mdomo wako mwenyewe, ukisimama katika nyumba unayoingia kila siku bila kulipwa, ukamsomea baba yangu mstari kwa mstari jinsi unavyomkosesha. Nikiwaza ulivyofika pale penye miwani natamani sakafu ipasuke.

Nisamehe. Sikuomba msamaha haraka kwa sababu nilidhani niko sahihi. Siko sahihi. Sikiliza.

Wiki iliyopita ofisi ya hapa ilitaka kunipandisha niwe kiongozi wa zamu, wakaomba karatasi yoyote ya masomo. Nikatoa sandukuni nakala ya ile barua aliyoniandikia baba kwa mkuu wa chuo, nilipoacha masomo kumuuguza mama, ya kuomba wanitunzie nafasi. Nimeibeba miaka yote. Karani wetu akaipitisha kwenye mashine inayosoma karatasi na kuyageuza maandishi yaingie kwenye kompyuta. Maneno yote yakatoka sawasawa. Tarehe ikatoka vichekesho: badala ya tarakimu, herufi. Karani akaniuliza, "Huyu mzee wako alikuwa anaandika tarehe kwa herufi?" Nikaichukua barua, nikaiweka karibu na dirisha. Ni kweli. Kila penye moja, baba amepiga herufi l ndogo. Kila penye sifuri, amepiga O kubwa.

Ndipo nikakumbuka nikiwa mtoto, nimekaa juu ya dawati lake, nasoma vitufe. Safu ya juu ilianza na mbili ikaishia tisa. Nikamuuliza moja iko wapi. Akasema mashine yake haina moja wala sifuri, waliotengeneza walibana nafasi, kwa hiyo wapiga taipu huazima kwenye herufi. Wote walifanya hivyo, na kwenye karatasi hakuna aliyeona tofauti.

Kompyuta inaona, Fundi. Kwenye kadi tarakimu ya moja imo mara tatu na sifuri mara mbili. Wewe ulisema "moja," na umesema sawa. Vidole vya baba vikaenda vilikokwenda miaka thelathini na minne. Mara saba wewe umesoma vizuri na mara saba yeye amepiga vizuri, na vidoti vikaficha.

Nenda kamwambie. Kwenye kompyuta moja iko mwanzo wa safu ya juu, kushoto. Sifuri iko baada ya tisa. Najua ni mimi niliyekufukuza, na sasa ni mimi ninayekuomba urudi. Sina mwingine wa kumwomba.

Binti yako


5 Mei

Mwanangu,

Hatujambo, tena leo hatujambo kwelikweli. Anayeandika ni yuleyule. (Nipo. – Fundi.)

Nikusimulie. Ile barua yako ya Machi Fundi aliisoma mpaka mwisho. Hakuruka hata neno, ingawa angeweza, ningejuaje? Alipofika kwenye saini akaikunja, akaiweka mezani, akasema, "Mzee, viatu vinanisubiri." Akaenda. Nami nilinyamaza. Hilo ndilo linaloniuma. Ningesema neno moja tu angerudi kwenye kiti. Lakini nilikuwa najiuliza kama usemalo ni kweli, maana ilikuwa rahisi kuamini macho yake ni mabovu kuliko kuamini vidole vyangu vimekosea. Wiki sita nilisikia nyundo yake ukutani, tok, tok, na hakuna aliyemgongea mwenzake mlango.

Jumamosi akaja. Hakupiga hodi. Akavuta kiti, akasema, "Nimeandikiwa barua, na kwa kuwa wewe huwezi kusoma, itabidi nikusomee barua yangu." Akaisoma yote. Pale ulipomwomba radhi akakohoa, akanywa maji yangu. (Vumbi la soli. – Fundi.) Pale penye moja na sifuri, mama, niliinua mikono nikaishika kama si yangu. Nikapiga hewani: tarehe kumi. Vidole vikaenda palepale. Nikacheka mpaka nikalia, au nililia mpaka nikacheka. Wakurugenzi watano! Na mimi ndiye niliyemwambia mwenzangu ana gundi mikononi.

Nikamwomba msamaha, si kwa mzaha. Nimemwambia hivi, na aandike hivihivi: "Fundi, nilikuacha utoke mlangoni kwangu na lawama isiyo yako, na nilijua huna pa kuitua." Akasema, "Yamekwisha, mzee, ondoa kitambaa."

Nilitaka apige yeye yote. Akakataa, akasema mwanangu aliinunua mashine kwa ajili ya vidole vyangu. Basi tukakaa wawili mbele ya kibodi moja. Yeye anasoma kadi. Ikija herufi, napiga mimi. Ikija tarakimu, naondoa mikono, anapiga yeye. (Nilinawa kwanza. Kwa sabuni. – Fundi.) Tulikwenda hivyo mpaka ya ishirini na tano. Fundi akabonyeza. Nikamsikia ameacha kuhema.

Ikatoka sauti ya mwanamke: "Karibu."

Tumeitikia "Karibu!" wote wawili, kwa pamoja, kama kuna mgeni anayepiga hodi. Tukasahau kwamba tumekaribishwa sisi. Mke wa Fundi alikuja mbio akidhani pana msiba, akatukuta tumekumbatiana.

Mwanangu, asante. Fundi pia anasema asante kwa barua yake. Ameiweka dukani, kwenye kisanduku cha misumari, mahali ambapo mkewe hafiki. Hongera kwa uongozi wa zamu.

Sasa nipe muda kidogo. Najizoeza.

Baba yako


21 Mei

Mwanangu mpenzi,

Pokea salamu za baba yako. Safari hii ni zangu peke yangu. Fundi nimemwambia leo sihitaji mwandishi. Akanibana bega, akaenda kwenye viatu vyake. Atarudi jioni kuituma tu kwa barua pepe, bila kuisoma.

Mwanamke wa ndani ya mashine ananitajia kila ninachopiga. Kiswahili chake ni cha mgeni aliyefunzwa darasani na mwalimu mkali, lakini hachoki nami. Nikikosea ananiambia, nafuta, tunaendelea. Niwie radhi nikienda polepole.

Swali lako hujaliandika, ila nalijua. Unataka kujua kwa nini sikutoka siku uliyoondoka.

Ulisimama mlangoni mwa chumba changu, ukasema, "Baba, naondoka." Nikakujibu "nenda salama" nikiwa kitandani, nimeelekea ukutani. Sikugeuka wala sikukupa mkono. Majirani wote walikusindikiza hadi barabarani na baba yako hakuwamo. Fundi alinisema siku tatu mfululizo. Alidhani nina hasira kwamba unaniacha, mwaka mmoja tu tangu tumzike mama yako. Najua na wewe umedhani hivyo miaka minne, na bado ulinitunza. Kwa hilo sina shukrani inayotosha.

Sikuwa na hasira. Sikuwa naona.

Nilikwambia macho yaliniharibika mwaka uliofuata. Nilikudanganya. Asubuhi ile jicho la kulia lilikuwa limekwisha, na la kushoto limebaki na mwanga mdogo kama ule wa chini ya mlango. Nilikuwa nimekuficha miezi miwili. Ndani ya nyumba nilizijua hatua zangu, ungeniona natembea ukadhani naona. Lakini siku ile korido ilijaa mabegi yako, na sikujua lipi liko wapi. Ningeinuka kukuaga ningejikwaa mbele yako, na ungejua.

Nakufahamu, mama. Ungeweka begi chini. Ungesema safari itangoja, na isingengoja. Ulishaacha chuo ukamuuguza mama yako miaka mitatu bila kunung'unika hata siku moja, na nilipoandika wakutunzie nafasi hawakuitunza. Sikuwa tayari kuwa mgonjwa wako wa pili. Bora uondoke umenikasirikia kuliko ubaki unanihurumia. Labda nilikosea. Nimelifikiria kila siku na bado sina hakika. Kama nilikosea, nisamehe.

Kwa nini sikumwambia Fundi aandike? Kwa sababu asingevumilia. Angekupigia simu siku ileile, nawe ungepanda ndege siku ya pili.

Mlipotoka nje na sauti zenu zikaishia barabarani, niliinuka. Nikatoka koridoni nikipapasa sakafu yote kwa mikono, kuanzia mlango wangu mpaka mlango wa mbele, kuhakikisha. Hapakuwa na begi hata moja. Umekwenda kweli. Nikamshukuru Mungu, kisha nikakaa palepale sakafuni nikalia kwa sauti, kwa kuwa nyumbani hapakuwa na mtu wa kunisikia.

Nimemwambia huyu mwanamke anisomee barua yote tangu mwanzo. Amesoma hapo pa korido kwa sauti ileile aliyosomea salamu. Sijafuta neno.

Andika sasa chochote unachotaka, humuhumu kwenye barua pepe. Nasoma mwenyewe.

Baba yako